Adabu ya Nyamushongo

Kila Jumapili baada ya ibada, watu wakishasimama na vikombe vyao vya chai nyuma ya ukumbi wa kanisa, Bahizire alianza kuikumbuka Nyamushongo. Ndiko alikotoka, mji mdogo wa soko juu ya vilima vya Kivu Kusini, na kwa jinsi alivyousimulia mtu angedhani ameuacha mwezi uliopita. Alikuwa ameishi Quakers Hill, kitongoji cha Sydney, Australia, muda wa kutosha kumwona binti yake Ornella akiingia shule ya msingi na kutoka chuo cha uuguzi. Mkewe alifariki katikati ya miaka hiyo. Yeye mwenyewe, aliyekuwa seremala huko kwao, alipakia friji na mashine za kufulia katika ghala la vifaa vya nyumbani, na msimamizi wake, kijana wa umri wa Ornella, alimwita Baz.

Jina hilo lilimuuma kuliko alivyokubali. Hakuwa na ugomvi na kijana huyo. Alikuwa mchangamfu, na siku moja ya mvua alimrudisha Bahizire hadi nyumbani kwa gari lake. Ila kila aliposikia "Baz" ikirushwa kutoka upande wa pili wa ghala, alikumbuka kwamba Nyamushongo hakuna aliyethubutu kumwita mtu mzima hivyo. Huko alikuwa Papa Ornella, au Papa Seremala. Ukikutana na mtu njiani ulisimama. Ulimpa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko chako, ukasema asinge, salamu ya Kishi, lugha ya huko, ukauliza habari za watoto, za ng'ombe, za mvua, naye akakuuliza hayo yote, na hakuna aliyejionyesha kuwa ana haraka. Bombani hakuna aliyeruka foleni. Kwenye baa ya kasiksi, ile pombe ya ndizi, mtu akimkanyaga mwenzake waliombana pardon wote wawili, aliyekanyaga na aliyekanyagwa.

"Na kila nyumba ilikuwa na bunduki," alimalizia.

Hapo ndipo wasikilizaji walipogawanyika. Mwaka huo taarifa za habari zilikuwa zimejaa mjadala wa sheria za silaha, na pale kwenye chai kila mtu alikuwa na la kusema. Bahizire alisema Waaustralia hawajui wanachozungumzia. Wakati wa vita, jeshi moja baada ya jingine lilipita kwenye kilima chao, na kila lililopita liliacha silaha nyuma yake. Nyingine zilitupwa mashambani, nyingine zilibadilishwa kwa mbuzi. Mwishowe hata mwalimu alikuwa na yake, hata muuza chumvi. Bahizire alitoa kitanda cha mbao ngumu, kazi ya mikono yake, akapewa bunduki yenye kitako kilichopasuka. Alichonga kitako kipya kwa mkalitusi, akakipaka mafuta hadi kikang'aa. Alipita nayo sokoni begani, na watu wakampisha kwa tabasamu.

Maelezo yake yalikuwa mepesi. Watu wakijua kwamba kila mmoja anaweza kumjibu mwenzake, wanachunga midomo yao. Mtu wa Sydney anakupita kwenye treni na vidude masikioni, anakusukuma begani, hageuki, kwa sababu anajua huna la kumfanya. Ornella, aliyekuwa akiyasikia haya tangu utotoni, alimjibu kwa Kiingereza kwamba hayo siyo adabu, ni woga. Baba yake alisema hajali jina lake, mradi watu walikuwa wakisalimiana.

Basi siku moja Précieux, kijana aliyekuwa akiwahudumia wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee, alitangaza kanisani kwamba amepata nyumba Doonside na kwamba mama yake, aliyekuwa akiishi kwa mpwa wake Campbelltown, anahamia kwake. Alimtaja kwa jina, Chibalonza. Bahizire karibu amwage chai. Alikuwa amesikiliza jina la ukoo wa kijana yule kwa muda mrefu bila kuliunganisha na mtu yeyote. Chibalonza alikuwa mwenye baa ya kasiksi ya Nyamushongo. Mabenchi ya baa ile aliyatengeneza Bahizire mwenyewe.

Juma zima aliongea habari zake. Alimwambia Ornella kuhusu baa ile iliyokuwa mwishoni mwa soko, mahali barabara inapoanza kuteremkia kwenye mashamba ya chai, na ukungu wa asubuhi ulivyokuwa ukiingia mlangoni kama mteja. Alimweleza harufu ya ndizi zilizoiva chini ya majani, redio ndogo iliyosomea watu habari za Bukavu, na vikombe vya kibuyu vilivyooshwa hadi vikawa vyeupe ndani. Zaidi ya yote alimweleza Chibalonza. Mwanamke yule alipokupa kikombe alikitoa kwa mikono miwili, akakunja goti kidogo, akasema, "Karibu papa, Mungu akulinde." Hajawahi kuona tena mtu mwenye adabu namna ile.

Jumamosi alinyoa, akavaa koti la harusi za watu, akanunua pakiti ya ndagala, dagaa wakavu, kwenye duka la Waafrika, akapanda treni, akabadilisha Blacktown, akateremka Doonside.

Alimkuta Chibalonza ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba, beseni la lenga-lenga mapajani, akichambua mboga hiyo jani moja moja. Alikuwa amenenepa na nywele zilikuwa na mvi, lakini uso ulikuwa uleule. Alimtazama Bahizire kutoka viatuni hadi kichwani.

"Kumbe ni wewe," alisema. Hakuinuka.

Bahizire alimsalimia kama inavyotakiwa. Asinge, habari za nyumba, habari za Précieux, habari za safari zote walizopita hadi kufika nchi hii. Kila swali lilijibiwa kwa neno moja na hakuna hata moja lililorudishwa kwake. Alipotoa ndagala, Chibalonza alisema ziwekwe pale. Kiti kingine kilikuwepo ukutani, lakini hakuambiwa akae, naye akabaki amesimama juani na koti lake mpaka Précieux alipotoka na glasi ya juisi, uso umejaa aibu. Bahizire aliitaja baa, mabenchi, redio. Chibalonza alisema anakumbuka. Kisha akaendelea na mboga.

Njiani kurudi Bahizire alijisikia kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Alimwambia Ornella kwamba nchi hii imemharibu hata yule. Ornella alimwuliza kama labda mama wa watu alikuwa amechoka tu. Bahizire alisema Nyamushongo hakukuwa na uchovu wa namna hiyo.

Jumapili iliyofuata Chibalonza alikuja kanisani na mwanawe. Wakati wa chai mjadala wa silaha ukaanza tena, na Nibigira, mama wa Kirundi aliyekuwa akisimamia birika, alimwuliza Bahizire kwa utani kama huyu ndiye yule malkia wa adabu aliyekuwa akimtangaza. Bahizire hakutaka kujibu, ila watu walikuwa wameshageuka. Akasema ndiye, na kwamba kama hawaamini wamwulize yeye mwenyewe jinsi watu walivyokuwa wakiishi wakati kila nyumba ilikuwa na bunduki.

Chibalonza aliweka chini sahani ya keki. Akachukua kikombe kutoka mkononi mwa Nibigira, akakishika kwa mikono miwili, akamwendea Bahizire, akakunja goti, na uso wake wote ukafunguka kwa tabasamu.

"Karibu, Papa Seremala," alisema kwa sauti laini. "Mungu akulinde. Akulindie watoto. Asante kwa kutukumbuka leo."

Ilikuwa sauti ileile. Watu walicheka, wengine wakapiga makofi, na Bahizire alihisi moto wa furaha kifuani, maana pale mbele ya kila mtu Nyamushongo yake ilikuwa imesimama na kumpa chai. Halafu Chibalonza akaweka kikombe mkononi mwake na tabasamu likatoka usoni mara moja, lote, kama mtu anavyovua aproni mwisho wa kazi. Alirudi kwenye keki yake. Hakuna mwingine aliyeona, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kugeukia mambo mengine.

Bahizire aliuona uso ule wiki nzima. Aliuona akipakia friji, aliuona kwenye treni. Kilichomsumbua si kwamba tabasamu lilitoka, bali kwamba lilikuja kwa wepesi namna ile, bila yeye kustahili chochote, baada ya siku aliyomwacha asimame juani. Alijaribu kukumbuka kama huko kwao aliwahi kumwona Chibalonza na uso mwingine wowote. Hakukumbuka.

Jumamosi alirudi Doonside. Hakuvaa koti wala hakubeba zawadi. Chibalonza alikuwa palepale, safari hii akipepeta maharage, na Bahizire alivuta kile kiti cha ukutani mwenyewe, akaketi.

"Mama Précieux," alisema, "nimekukosea nini?"

Chibalonza alimaliza kupepeta kwanza. Alisema hajamkosea kitu, na kwamba kati ya wanaume wote waliokuwa wakinywa pale kwake yeye alikuwa na nafuu, alilipa na alitoka mapema. Kisha akamwuliza kama anajua alikuwa akimtazama wapi kila alipoingia baa.

"Usoni," alisema Bahizire.

"Begani. Nilitazama bega kwanza, kama unayo au umeiacha nyumbani. Halafu mikono. Uso ulikuwa wa mwisho. Kila mtu aliyeingia nilimfanyia hivyo, na kila mtu nilimchekea, kutoka mchana mpaka tunafunga. Nikienda kulala mashavu yananiuma, Papa Ornella. Bertrand alikuwa akinikanda kwa maji ya moto."

Bertrand alikuwa mumewe. Bahizire alimkumbuka, mtu mrefu, mpole, aliyekuwa akibeba mitungi. Alikumbuka pia kwamba alikufa kwa ajali palepale kwenye baa, bunduki ya mtu ilifyatuka. Aliyasema hayo kwa sauti ya pole.

Chibalonza alitikisa kichwa. Yeye alikuwepo, alikuwa amesimama karibu kama alivyoketi sasa. Bertrand alikuwa akipita na mtungi, akajikwaa kwenye mguu wa mtu, kasiksi ikamwagikia suruali ya mtu huyo. Bertrand akasema pardon. Yule mtu akasema hapana, pardon ni yangu, mguu wangu ndio ulikuwa njiani. Bertrand akasema la, ni mimi, kaka yangu, nisamehe sana. Wote wawili walikuwa wakitabasamu. Wateja wote walinyamaza, maana kila mtu alijua kunyamaza wakati gani. Na Bertrand, kwa kuwa hakutaka mtu yule akae na suruali iliyolowa, akatia mkono ndani ya koti lake mwenyewe.

"Alikuwa anatafuta kitambaa," alisema Chibalonza. "Amfute."

Gari lilipita barabarani na muziki wake, likaishia kwenye kona.

Chibalonza aliendelea bila kubadilisha sauti. Alisema yule mtu alilia sana, na hakuwa mtu mbaya. Alikuja kwenye matanga akiwa nayo begani, kwa sababu aliogopa ndugu za Bertrand, na ndugu za Bertrand nao walikuwa nazo. Watu walipeana nafasi za kukaa. Waliinamishiana vichwa. Yule mtu alimjia mjane, akampa mikono miwili, akamwambia poleni.

"Na mimi nikamshukuru kwa kuja," alisema. "Nikakunja goti. Wewe ulikuwepo, uliniona."

Alikuwepo. Bahizire alikumbuka siku ile vizuri, mvua nyembamba, majani ya migomba yaliyotandikwa chini, na jinsi alivyorudi nyumbani akimsifia mkewe utulivu wa mazishi yale. Hakuna aliyepandisha sauti, alimwambia. Watu wetu wana ustaarabu. Aliinamisha kichwa, akatazama maharage kwenye ungo, na alipotaka kusema pole aliliacha neno lenyewe, kwa kuwa lilikuwa limeshasemwa mno kwenye matanga yale.

"Ndiyo sababu sikuinuka siku ile," Chibalonza alisema. "Sikuwa na hasira na wewe. Nilikuona unaingia getini, nikatazama bega, mazoea. Halafu nikajiambia, Chibalonza, mtu huyu hana kitu, kaa."

Précieux alichungulia mlangoni, akaona wameketi, akarudi ndani. Bahizire aliomba ungo, akaanza kuchambua naye, akitupa mawe madogo na maharage yaliyotobolewa.

Baadaye Chibalonza akasema kwamba yeye pia ana hamu na Nyamushongo, asidhani hana. Ila ya kwake ni ya zamani, kabla ya majeshi, walipokuwa watoto. Akamwuliza kama anaukumbuka mdomo wa mama yake.

"Mama yangu alikuwa mtu mkimya," alisema Bahizire.

Chibalonza alimtazama kwa mshangao wa kweli, kisha akaanza kucheka. Ilikuwa mara ya kwanza Bahizire kumsikia akicheka hivyo, kicheko kibaya, cha puani, kisicho na adabu yoyote. Alisema mama yake Bahizire alikuwa muuza unga wa mihogo mwenye ulimi mkali kuliko wote sokoni. Yeye na mama yake Chibalonza waligombania nafasi moja chini ya banda la soko, ile isiyovuja, kila siku ya soko, mwaka hadi mwaka. Mmoja alisema pua ya mwenzake inafaa kuchotea maji kisimani. Mwingine akajibu kwamba unga wa mwenzake ni mweupe kwa sababu nusu yake ni majivu. Walitukanana wakwe, walitukanana ng'ombe. Watu walikuwa wakinunua muwa na kuja kukaa kusikiliza. Jioni, soko likifungwa, wanawake wale wawili walitwishana mizigo na kuteremka kilima pamoja, wakiwa bado wanaendelea.

Kadiri alivyosimulia, Bahizire aliviona vyote vikirudi. Aliona kitenge cha njano cha mama yake, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukielekeza anga. Alijiona yeye mtoto, ameketi juu ya gunia, unga kwenye kope, akiona fahari kwamba mama yake anashinda. Kelele za soko lile. Hata ng'ombe walikuwa wakigombana. Alicheka mpaka akalazimika kuweka ungo chini na kujifuta macho.

Kisha akaacha kucheka.

"Alinyamaza lini?" aliuliza.

Chibalonza aliuokota ungo, akaendelea kuchambua. Bahizire alijua. Mama yake alinyamaza mwaka bunduki zilipoingia sokoni. Tangu hapo alipompa mtu unga alimpa kwa mikono miwili. Mtu akimzidi maarifa kwenye mizani alitabasamu. Na mwanawe, aliyekuwa akipita na kitako chake cha mkalitusi kinachong'aa, alifurahi kuona kwamba uzee umemtuliza mama. Hata ile nafasi isiyovuja alimwachia mama yake Chibalonza siku moja, bila neno, na huyo naye akakataa kuichukua, wakakaa wote wawili mvuani.

Alilia kidogo pale mbele ya nyumba ya Doonside, bila kujificha, na Chibalonza alimwacha alie. Hakumletea maji wala hakumwambia nyamaza. Maharage yalipokwisha kuchambuliwa alimwambia aende, treni za Jumamosi zinachelewa.

Ua wa nyumba ya Précieux ulikuwa umemwagwa saruji karibu wote, na mapipa ambayo Chibalonza alipandia lenga-lenga hayakutosha. Msimu wa kupanda wa huku ulipoanza, Bahizire alimwalika Chibalonza alime upande mmoja wa bustani yake ya Quakers Hill, pale palipokuwa na vitunguu na nyanya. Alikuja Jumamosi mbili tatu, wakalima kwa amani, wakizungumza habari za watu waliofariki na watu waliooana. Jumamosi moja Bahizire alitoka ndani na chai, akakuta mstari mzima wa vitunguu vyake umeng'olewa na kulazwa kwenye nyasi, na mahali pake pamepandwa maharage.

Alimwuliza kwa upole ni kitu gani hiki. Chibalonza alisema vitunguu vile vilikuwa vimekaa penye jua bure. Bahizire alisema jua la ua huu ni lake. Chibalonza alisema amelitumia vibaya, na kwamba hata vitunguu vyenyewe vinaona haya, mtu aliyezoea kupigilia misumari anaivamia ardhi kama mbao. Bahizire alihisi joto likimpanda shingoni. Alifungua kinywa, na kilichotoka hakikuwa Kiswahili, kilikuwa Kishi cha sokoni, matusi ya kuhusu mbegu na mama aliyezihifadhi, ambayo hakujua kuwa bado anayo. Chibalonza aliacha jembe, akaweka mkono kiunoni, akayapokea na kurudisha mengine makubwa zaidi.

Walipiga kelele hadi jirani, bwana mmoja mwenye mbwa wawili, akachungulia juu ya uzio na kuuliza kwa wasiwasi kama mambo ni salama. Ornella alitoka mbio, akamwambia ni salama, ingawa yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Alimshika baba yake mkono. Bahizire aliutoa mkono taratibu, akamwomba asimkatize, alikuwa karibu kukumbuka neno fulani.

Chibalonza aliondoka kwa hasira, na vitunguu vyote ndani ya mfuko, akisema havifai kuachwa viteseke. Ornella alimwuliza baba yake kama wampigie simu kuomba radhi. Bahizire alikuwa ameketi ukingoni mwa tuta la maharage, uso umelowa jasho, akitazama mahali vitunguu vilipokuwa. Alimwambia hapana, amwache.

Jumamosi iliyofuata Chibalonza alifika mapema kuliko kawaida, kabla hata umande haujakauka, na matusi akayaanzia getini, maana mengine alikuwa ameyakumbuka ndani ya treni.